Anayebisha hodi kwenye timu ya tafsiri asingojeshwe

Kila nikifungua ukurasa wa maombi ya kujiunga na timu yetu inayotafsiri programu za kompyuta kwa Kiswahili, nasoma tarehe kabla ya jina. Aliyeomba juzi bado ana ari. Aliyeomba miezi mitatu iliyopita huenda hata nywila ameshaisahau. Nimeona timu zikifa huku watu wamepanga foleni nje: msimamizi pekee alipata ajira, akaingia kwenye shughuli zake, na hakumwachia mtu funguo.

Naendesha saiba hapa Nakuru mjini. Kompyuta zangu zinatumia mfumo wa Ubuntu, kivinjari cha Firefox na programu za ofisi za LibreOffice, zinazotafsiriwa na timu kama yetu, kwa hiyo tafsiri mbovu hainipiti mbali. Mteja aliyetoka Kaptembwo kuja kuandika barua ya kazi ananiita, "Dada, hii inasema nini?", nami nasimama nyuma yake nikisoma ujumbe ambao mtu fulani aliuidhinisha bila kuusoma.

Kila mradi una utaratibu wake. Kwenye Launchpad, tovuti ambako Ubuntu inatafsiriwa, timu inaweza kumpokea yeyote papo hapo, au mwombaji akangoja msimamizi amkubali, au watu wakaingizwa na wasimamizi wenyewe tu. Kwenye Pontoon, tovuti ya kutafsiria ya Mozilla wanaotengeneza Firefox, mwenye akaunti hupendekeza tafsiri, na pendekezo lake linakaa hadi mwenye haki ya mtafsiri au meneja alipitishe. WordPress, programu ya kutengenezea tovuti, nao wana wahariri wa kuidhinisha tafsiri za plagini (programu ya nyongeza) au mradi mmoja mmoja, na wahariri wa lugha nzima.

Mimi nashikilia kwamba kupendekeza kuwe rahisi siku ileile mtu anapokuja, na haki ya kuidhinisha ije polepole. Pendekezo baya linafutwa, hakuna aliyeumia. Likishaidhinishwa linasafiri na toleo jipya hadi kwenye mashine za watu ambao hawajui tafsiri hutoka wapi, seuze pa kulalamikia.

Mwalimu mmoja mstaafu aliomba kujiunga nasi. Barua yake ilikuwa tamu kusoma, na mwenzangu akataka tumpe haki zote mara moja, kwa heshima ya miaka yake darasani. Nikasema tusome kazi yake kwanza. Kiswahili chake kilikuwa safi kuliko changu, lakini penye "Faili %s haikupatikana" aliandika "Faili haikupatikana", na hivyohivyo kila mahali. Nilimpigia simu.

"Mwalimu, ile alama ya asilimia na s si kosa la chapa. Programu huiondoa yenyewe ikaweka jina la faili. Tukiifuta, mtu hatajua ni faili gani imepotea."

"Kumbe! Basi nirudishie zote nizipitie upya."

Alizipitia zote. Hilo ndilo lililonifanya nimwamini, kuliko shahada yake. Leo yeye ndiye anayehakiki kazi za wageni, na huwaandikia maelezo marefu yenye upole ambao mimi sina.

Kuna pia kijana aliyejaza mamia ya sentensi usiku mmoja. Zilikuwa za mashine, na kitufe kilekile kilipewa majina tofauti ndani ya menyu moja. Nilimwomba achague programu moja anayoitumia, atafsiri kidogo kwa mkono wake, kisha tuzungumze. Hakurudi. Sijutii, maana nilimjibu siku hiyohiyo na sababu nikamweleza.

Wala simkatai mtu kwa Kiswahili cha kwao. Wa Tanga, wa Lubumbashi na wa hapa Nakuru hatusemi sawa; ndiyo maana timu huwa na faharasa ya istilahi, tukabishana humo badala ya kubishana juu ya mtu.

Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, yaani programu nzima ya ofisi ya OpenOffice kwa Kiswahili. Mwaka 2010 kundi kubwa la waliokuwa wakiijenga OpenOffice likaanzisha LibreOffice, na tangu hapo kila toleo huja na sentensi mpya zinazotaka mtu. Kazi kubwa kama ile haidumu bila warithi, na warithi ni hawa hawa walio kwenye foleni. Ndiyo sababu naomba kila timu iwe na wasimamizi wasiopungua wawili, na uanachama wa wasimamizi uwekewe tarehe ya kuisha. Launchpad inaruhusu hilo. Aliyepotea akose kuuhuisha, mwingine ashike nafasi.

Ukituma ombi kwetu, usiniandikie vyeti. Niambie ni programu gani unayoitumia mwenyewe, kwenye kompyuta au simu gani, na ni sentensi ipi ya Kiswahili humo inayokukera. Nitakuomba uanze na hiyo.