Vumbi la Saa Kumi

Kazi yangu ya kwanza ya kulipwa ilikuwa kufagia. Mwaka 2009 nilichukuliwa katika karakana moja ya ufinyanzi nje kidogo ya mji wa Dodoma, upande wa barabara iendayo Kondoa. Tulitengeneza vyungu vya maua, mitungi ya kupozea maji na vyungu vya ndani vya majiko ya mkaa. Mara mojamoja tanuru kubwa likiwashwa tulichoma pia sahani na vikombe vya kung'aa. Jengo lilikuwa refu, la matofali na bati, madirisha machache tena madogo. Upepo wa Dodoma wakati wa kiangazi ukiingia ndani unakausha chungu upande mmoja, na chungu kilichokauka upande mmoja kinapasuka. Kwa hiyo tulifunga kila mahali, tukawa tunalinda vyungu.

Saa kumi jioni mashine ya kukandia ikizimwa, nilichukua ufagio wa chelewa nikaanzia kona ya stoo, ambako magunia ya udongo mkavu yalipangwa hadi karibu na dari. Nilifagia kwa nguvu. Nilipenda kuona sakafu nyeupe ikigeuka kuwa ya kijivu, saruji yake ikitokeza, na nikageuka nyuma kutazama nilikopita kama mtu anayetazama shamba alilolima. Wenzangu walikuwa wameshaondoka. Aliyebaki ni Fundi.

Sote tulimwita Fundi, hata bosi. Alikuwa mzee mfupi, mikono mipana, na jioni alibaki kwenye kigoda chake akisugua kingo za vyungu vilivyokauka kabla havijaingia kwenye tanuru, akiondoa mishono iliyoachwa na kalibu. Chungu kikavu kikisuguliwa kwa msasa kinatoa unga laini kuliko wa ngano. Akimaliza kimoja anakipuliza kwa mdomo, fuu, anakiweka pembeni, anachukua kingine. Asubuhi, kabla sisi hatujafika, alikuwa ametwanga yale mawe meupe yanayong'aa, kwatzi, tuliyochanganya kwenye udongo. Alitwanga kwenye kinu cha chuma, yakiwa makavu.

Alikohoa. Nilipomkaribia na ufagio nilisimama kumsubiri apishe, naye alinipungia mkono. "Fagia tu mwanangu. Vumbi mimi nimelizoea."

Nikafagia hadi chini ya kigoda chake. Nilifanya hivyo kwa miezi saba.

Bibi yangu naye alikuwa mfinyanzi, kule Bahi, na nimefikiria sana tofauti yake na Fundi. Bibi alifanyia kazi chini ya mti, upepo ukipita. Udongo wake ulikuwa mbichi tangu alipouchota mpaka chungu kilipokamilika. Alipotwanga vigae vya vyungu vilivyovunjika ili achanganye na udongo mpya, alivinyunyizia maji kwanza. Hakuwa akiogopa ugonjwa. Alisema vigae vina kazi, hawezi kuuachia upepo unga alioutolea jasho. Sisi tulihamisha kazi ile ile tukaiingiza ndani ya kuta, tukaukausha udongo, tukaongeza unga wa mawe na kufunga madirisha.

Basi ikafika siku ya ukaguzi, mwezi wa nane. Bosi alitutangazia tangu jana yake kwamba watu wa OSHA wanakuja, Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, kwa hiyo karakana ing'ae. Nilifika alfajiri. Nilifagia saa mbili, nikaona bado, nikafagia tena saa nne kasoro. Nilifagia hadi juu ya rafu, nikakung'uta magunia. Nakumbuka nilivyosimama mlangoni baadaye, nikiwa na hakika kwamba kama kuna kosa litaonekana, halitakuwa langu.

Mkaguzi alikuwa dada wa makamo, amevaa viatu vigumu na kubeba begi mgongoni. Alitusalimia wote, akampa Fundi shikamoo yake, kisha akasimama katikati ya jengo bila kusema neno. Akapitisha kidole kwenye rafu.

"Nani amefagia hapa?"

Nikanyoosha mkono.

"Umemaliza saa ngapi?"

"Saa nne, dada."

Akatazama saa yake. Ilikuwa saa nne na nusu. Akaomba milango na madirisha yote yafungwe na taa zizimwe. Bosi alishangaa lakini akatoa amri. Dada yule akatoa tochi kubwa kwenye begi, akaiweka kwenye rafu iliyokuwa usawa wa kifua cha Fundi, akaielekeza kwetu. Mbele ya balbu akazuia kwa kipande cha boksi ili mwanga usituumize macho. "Simameni huku," akasema, "mtazame mwanga unakotokea. Msitazame tochi yenyewe, tazameni hewa iliyo pembeni yake."

Tukatazama.

Kwa dakika nzima hakuna aliyezungumza. Hewa ile ambayo muda mfupi uliopita nilikuwa naiona safi ilijaa. Ilikuwa kama moshi wa kuni mbichi, ila haukupanda wala kushuka. Ulining'inia. Chembe zilimeta, zikageuka, zikameta tena. Fundi alikuwa ameketi kwenye kigoda chake, kichwa chake ndani ya mwanga, na nikaona vumbi likivutwa kuelekea puani mwake kwa mstari mwembamba, likasita, kisha pumzi ikatoka na kulisukuma mbele ya uso wake. Likavutwa tena. Nilihesabu pumzi zake mpaka kumi na nne, ndipo nikashindwa kuendelea kutazama.

"Hili ndilo alilofagia binti," mkaguzi alisema, na hakusema kwa ukali. Akawasha taa. Akatueleza kwamba unywele wa mtu una unene wa mikromita 70 hivi, mikromita ikiwa sehemu moja ya elfu ya milimita, na vumbi linalofika ndani kabisa ya mapafu ni lile lisilofika hata mikromita 10, ambalo macho hayalioni chembe moja moja mpaka mwanga ulipige ubavuni. Lile kubwa linaanguka chini, linanaswa puani, unalitema. Hili dogo linaelea kwa saa nyingi. Ndani yake kuna silika, madini yaliyomo kwenye kwatzi na udongo, na silika ikifika kwenye vifuko vya hewa haitoki. Mwili unajaribu kuizingira, na kila unapojaribu unaacha kovu. Mapafu yanakuwa magumu kidogo kidogo, kwa miaka, mwenyewe akidhani ni uzee. Ugonjwa unaitwa silikosisi. Hauna tiba inayoondoa makovu yale, na aliye nao anashikwa na kifua kikuu kwa urahisi kuliko watu wengine. "Ufagio mkavu hauondoi vumbi hili," alisema. "Unaliamsha."

Fundi alicheka kidogo, akakohoa. "Binti yangu, mimi nimelizoea."

Mkaguzi akachuchumaa hadi macho yao yakawa sawa. "Baba, pua imezoea. Mapafu hayazoei."

Kisha akaanza kutoa maagizo, nami nikayaandika nyuma ya karatasi ya mfuko wa saruji kwa sababu sikuwa na daftari. Karatasi ile ninayo hadi leo. La kwanza nililoandika, kwa herufi kubwa, ni MARUFUKU KUFAGIA PAKAVU. Sakafu ipigwe deki, meza zifutwe kwa kitambaa chenye maji, na tope likidondoka liondolewe likiwa bado bichi. Mawe yatwangwe yakiwa yameloweshwa. Vyungu visisuguliwe vikiwa vikavu, vipanguswe kwa sponji yenye maji vingali na unyevu, na asiwepo wa kupuliza kwa mdomo. Kuhusu barakoa, bosi aliuliza haraka kama si nafuu kununua barakoa tu. Alijibiwa kwamba barakoa ni ya mwisho, baada ya maji na baada ya hewa kupita, tena iwe ile maalumu ya vumbi inayobana uso. Leso na kipande cha khanga tulivyokuwa tunajifunga havizuii chembe hizi.

Kwenye meza ya rangi za kung'arishia alikuta ndoo ya unga mweupe isiyo na maandishi yoyote, na kando yake sahani yangu ya maandazi. Akauliza unga ule una madini ya risasi, ambayo ni sumu, ndani yake au hauna. Hakuna aliyejua, kwa sababu bosi aliununua kwa mtu. Akaagiza usiguswe hadi mwenye kuuza alete karatasi ya kuonyesha kilichomo, na akaniambia nikale nje, baada ya kunawa. Nilinawa mara tatu siku ile.

Jambo lililochukua muda mrefu kuliko yote lilikuwa maji. Bosi alinyoosha mikono. "Dada, hii ni Dodoma! Maji tunanunua kwa dumu. Ya kunywa watu hayatoshi, nimwage sakafuni?" Na hapo, lazima niseme ukweli, moyoni nilikuwa upande wake. Nyumbani kwetu dumu la lita 20 lilioga watu wawili, yaliyobaki yakafulia. Ukimwambia mtu wa Dodoma amwage maji chini kila jioni ni kama unamwambia afagie kwa unga wa ugali. Mkaguzi mwenyewe alinyamaza kidogo.

Aliyejibu ni Fundi. Alisema bila kuinua macho kwamba kuna mapipa manne ya tope nyuma ya karakana, yale tunayoogeshea kalibu na vyombo. Yakitulia usiku kucha, udongo unazama na maji yanabaki juu, na kila Jumamosi tunayamwaga maji hayo kwenye mchanga. "Tunayachota ya juu kwa kata, taratibu, tusikoroge. Yanatosha kupigia deki wiki nzima. Na udongo wa chini unarudi kazini." Mkaguzi alimtazama kwa heshima kubwa. Akaongeza jambo moja tu, kwamba dekio lisuuzwe kila mara, maana likijaa tope litapaka sakafu, na tope likikauka ni vumbi lile lile limerudi.

Wiki tatu baadaye Fundi alipelekwa hospitali. Makohozi yake hayakuwa na kifua kikuu. Alirudi na bahasha kubwa ya kahawia, akaishika eksirei juu kuelekea dirishani ili tuone, madoa meupe yametapakaa sehemu za juu za mapafu yote mawili kama punje za uwele zilizomwagika. Alihamishiwa kwenye gurudumu, kazi ya udongo mbichi mtupu. Hakulipwa fidia yoyote. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ulikuja kuanza kazi mwaka 2015, na wakati huo Fundi hakuwa tena na pumzi ya kutoka kitandani hadi mlangoni bila kukaa njiani.

Baadaye nilisoma kwamba huko Uingereza, mwaka 1726, mtu aitwaye Thomas Benson alipewa hataza, yaani haki ya mvumbuzi, ya kusagia jiwe la gumegume ndani ya maji, kwa sababu vumbi lake likisagwa kavu lilikuwa linawaua waliolisaga kwa ajili ya wafinyanzi. Nilitoa hesabu pembeni ya ukurasa. Kutoka mwaka huo hadi siku ile ya tochi ni miaka 283. Katika miaka yote hiyo kuna mtu alijua kwamba mawe ya namna ile yatwangwe yakiwa yamelowa, na hakuna aliyefika kumwambia mzee mmoja mwenye kinu cha chuma barabara ya Kondoa. Hilo linaniuma kuliko ugonjwa wenyewe.

Lakini ninayoikumbuka zaidi ni jioni ya siku ile ile ya ukaguzi. Mstari wa mwisho kwenye karatasi yangu ulisema nguo za kazi zisiende nyumbani. Nilipoinua macho nilimwona Fundi akitoka getini na ovaroli lake mwilini, limepauka mpaka mabegani, kama alivyotoka kila siku. Nikamkimbilia. Tukaenda pamoja hadi kwake, njia nzima mimi sijui nianzie wapi.

Mkewe alitupokea uani. "Mbukwenyi," akatusalimu kwa Kigogo, akanikaribisha nikae kwenye mkeka, ambako mjukuu wao wa miaka miwili alikuwa amelala. Fundi akavua ovaroli akampa. Mama akalishika mabegani, akasogea hadi kwenye kizingiti, hatua mbili kutoka kwa mtoto, akainua mikono ili alikung'ute.

"Mama, ngoja," nikasema. Nikainuka, nikamshika mikono.

Nilimweleza vibaya, maneno yakigongana, tochi, moshi usiopanda, pumzi kumi na nne. Alinisikiliza hadi mwisho akiwa bado ameliinua ovaroli mbele yake. Kisha akamtazama mumewe, akatazama kizingiti.

"Nalikung'utia hapa hapa," akasema. "Tangu mama wa huyu hajaolewa."

Akaliteremsha taratibu ndani ya beseni, bila kulitikisa. Akamwinua mtoto akanipakatisha, akaukunja mkeka kuelekea ndani ili unga usitoke, akaubeba hadi nyuma ya nyumba. Kisha akarudi kuchukua dumu. Lilikuwa la mwisho, limefika nusu. Fundi akasimama kumsaidia kulibeba.