Nilivyowanyooshea wenzangu maelezo ya variabo za Git

Ofisini kwetu hapa Ngamiani, Tanga, kuna desktop moja ya kutestia, wote tunaingia kwa akaunti ileile, kwa hiyo ukikomiti kazi yako, yaani ukiihifadhi kwenye Git, programu inayotunza historia ya kodi, inatoka na jina la aliyesetiwa kwanza. Dada mmoja akaeksport GIT_CONFIG kwenye terminali (ni variabo, yaani thamani unayoiweka kwenye terminali programu iisome) akaielekeza kwenye faili lake la mipangilio, akaandika git config user.name, jina lake hilo hapo, safi kabisa, akakomiti, likatoka jina la kaka wa meza ya pili. Akaniita, "Kaka njoo uone huu uchawi."

Hamna uchawi. Mwongozo unasema kabisa kwamba GIT_CONFIG inasikilizwa na komandi ya git config peke yake, imebakizwa kwa ajili ya mambo ya zamani, ila jina lenyewe linakuhadaa. Aliyokuwa anaitaka ni GIT_CONFIG_GLOBAL, hiyo komandi zote za Git zinaisikiliza, iliyoingia kwenye Git 2.32 mwaka 2021.

Basi nikaamua kuandika upya maelezo kwenye README yetu (faili la maelekezo ya mradi), na kila variabo nikaijibia maswali mawili tu, nani anaisoma, na ukiiweka nini kinaachwa kusomwa. Hilo la pili ndo kila kitu aisee, watu wengi hawaliandiki. Mfano ukiweka GIT_CONFIG_GLOBAL basi ~/.gitconfig, faili la mipangilio ya kawaida ya akaunti, haisomwi tena, alias zako (vifupisho vya komandi) zote kwaheri, kwa hiyo juu ya faili lako weka:

[include]
path = ~/.gitconfig

halafu chini yake ndo user.name yako, maana ya chini inaishinda ya juu. Na kama repo yenyewe (folda la mradi) ina jina ndani ya .git/config, hilo bado litashinda, usinilaumu.

GIT_CONFIG_COUNT nimeiandikia mistari michache tu, ni ya skripti, inaiambia Git unaipa mipangilio mingapi bila faili, ila kumbuka GIT_CONFIG_KEY_ na GIT_CONFIG_VALUE_ zinazobeba mipangilio yenyewe namba zake zinaanza na 0, sio 1, la sivyo Git inagoma.

Ukibishana na mtu usibishane kwa mdomo, piga git config --list --show-origin, kila mstari unakuonyesha umetoka faili gani.

Kaka mwingine akaja na laptop yake ya Ubuntu 20.04 analalamika haifanyi kazi. Git yake ni 2.25.1, GIT_CONFIG_GLOBAL haiijui kabisa na wala haikwambii, inakaa kimya tu. Nikaongeza mstari juu kabisa ya README, anza na git --version.