Siku moja maishani mwangu: mashindano ya jigso na sisi wa kujitolea

Saa 11:30 alfajiri

Siku ya mashindano usingizi huniacha mapema. Viatu nimeshavichagua tangu jana, vya raba laini, visivyolia sakafuni. Pete na bangili navua. Leo nitashinda nikiinama juu ya meza za watu, na bangili ikinasa kona ya picha iliyokwisha kuungwa inaweza kuinyanyua nusu nzima. Kalamu mbili mfukoni, kikombe cha chai, natoka.

Kwa asiyeujua mchezo huu: jigso ni fumbo la picha iliyokatwa vipande vingi, nawe unavirudisha mahali pake hadi picha ikamilike. Kwenye mashindano kila mtu hupewa fumbo lilelile kwa dakika ileile, na anayetangulia kumaliza ndiye mshindi. Wa kujitolea ndio tunaopanga meza, tunaolinda maboksi, tunaopima muda na kuhesabu vipande.

Saa 1:00 asubuhi

Safu yangu ya meza naikagua mwenyewe. Fumbo la vipande 500 likikamilika huwa na karibu sentimita 49 kwa 36, lakini vipande hivyohivyo vikitandazwa picha ikiwa juu hutaka nafasi maradufu au zaidi. Nakaa kwenye kila kiti, kisha nasimama, kwa sababu wako wanaounga wakiwa wameketi na wako wanaounga wima tangu mwanzo hadi mwisho. Naikandamiza meza kwa kiganja kwenye pembe zote nne. Ikiyumba hata kidogo, kipande cha karatasi ngumu kinakunjwa na kuwekwa chini ya mguu wake.

Linalofuata ni taa, na hapa sina haraka. Huwa nakuja na kipande kimoja cha zamani chenye uso wa kung'aa. Nakilaza katikati ya meza na kukitazama kutoka kwenye kiti. Mwanga wa dari ukikipiga moja kwa moja, rangi yake inamezwa na kubaki weupe mtupu. Mshiriki akipangiwa meza hiyo atashindwa kutofautisha buluu ya anga na buluu ya maji, huku wa meza ya pili anaona kila kitu. Meza ya namna hiyo tunaigeuza au tunaisogeza. Tusipoweza, tunaiondoa kabisa hata kama ukumbi utabanana. Kwangu hilo halina mjadala.

Saa 2:00

Maboksi yanafika yamefunikwa, picha haionekani. Fumbo la mashindano halitakiwi kuwa limewahi kuguswa na yeyote kati ya washiriki, na waandaaji wengi hutafuta picha ambayo bado haijaingia madukani. Aliyewahi kuiunga picha anakumbuka mahali pa kila rangi, na kumbukumbu hiyo inaweza kumwokolea dakika nyingi. Hata sisi hatuoni kilichomo. Tunahesabu maboksi, tunakagua kama kuna lililopasuka, tunagawa moja kwa kila meza, na machache ya akiba yanabaki kwa mwamuzi mkuu. Kuanzia hapo ukumbi haubaki bila mtu wa kulinda, na simu zetu zinakaa mifukoni.

Saa 3:00

Washiriki wanaingia. Tunaangalia majina, tunatoa namba, tunaonyesha vyoo viko wapi. Wengine wamekuja na trei zao za kuchambulia vipande, nasi tunazipima kwa mujibu wa kanuni za siku hiyo. Kila mashindano yana kanuni zake kuhusu trei na taa binafsi, kwa hiyo mtu asidhani alichoruhusiwa kwingine kitakubalika hapa.

Wanaoanza huwajua kwa mikono yao, hawajui waiweke wapi. Mmoja aliniuliza kama ni aibu kushiriki huku akijua hatamaliza. Nilimwambia ukweli: kwenye raundi ya dakika 90 wapo wengi wasiomaliza, nao hupangwa nafasi zao kwa vipande walivyounga. Jina lake litakuwa kwenye orodha ileile na la bingwa. Alikaa vizuri zaidi baada ya hapo.

Saa 4:00

Mwamuzi mkuu anahesabu kurudi nyuma na saa kubwa ukutani inaanza. Kwa sekunde chache ni sauti ya karatasi kuraruka ukumbi mzima, halafu vipande vinamwagwa. Baada ya hapo kunakuwa kimya cha kazi. Vidole vinageuza vipande viwiliviwili, vya pembeni vinavutwa upande mmoja.

Mbinu hazifanani. Fumbo la safu 20 zenye vipande 25 kila moja lina vipande 86 vya ukingoni, na wako wanaoukamilisha ukingo wote kabla ya kugusa kitu kingine. Wako wanaoanza na kile chenye rangi kali katikati, ukingo wakauacha ujijenge polepole. Nimeshaona njia zote mbili zikishinda. Wenye kasi zaidi huchambua huku wakiunga, hawasubiri kumaliza hatua moja ndipo waingie nyingine. Mabingwa wa mchezo huu humaliza vipande 500 chini ya saa moja.

Mimi kazi yangu ni kusimama, na kusimama huko kuna adabu yake. Hukai nyuma ya bega la mtu, hutupi kivuli juu ya meza yake, wala hutuliza macho kwenye kipande anachokitafuta, maana jicho la msimamizi linaweza kumwonyesha njia bila neno kutamkwa. Kipande kikianguka chini? Hilo linaamuliwa kwenye kikao cha asubuhi, na linakuwa jibu moja kwa ukumbi mzima. Hakuna mtu wa kujitolea anayejitungia huruma yake mezani.

Saa 4:50

Mkono wa kwanza unapanda. Kwanza naangalia saa, naandika muda, ndipo naitazama picha. Utaratibu huo nimeufanya kuwa mazoea, kwa sababu ukiitazama picha kwanza sekunde zinapita, na kati ya watu wawili sekunde hizo zinaweza kubadilisha nafasi.

Kisha nakagua. Napitisha kiganja juu ya picha polepole, kutoka kushoto kwenda kulia, nikitafuta kipande kilichoinuka. Jigso za viwandani hukatwa kwa mashine yenye visu vya chuma, na ndani ya fumbo moja kunaweza kuwa na vipande viwili vinavyokaribiana sana kwa umbo. Kimoja kinaingia mahali pa mwenzake na kukaa karibu sawasawa. Macho yanadanganyika kirahisi, hasa kwenye anga tupu. Kidole ndicho kinachohisi ule ukingo mdogo.

Nikikuta kosa nasema neno moja tu, "bado," sionyeshi ni wapi. Saa yake inaendelea. Wengine hukasirika, nami nawaelewa, lakini siongezi neno.

Kikikosekana kipande kimoja cha mwisho, shughuli huwa nyingine. Tunatafuta chini ya meza, ndani ya mfuko, kwenye mikunjo ya boksi, kwenye mikono ya nguo za mshiriki, hata chini ya soli za viatu. Kisipopatikana naita mwamuzi mkuu. Kosa la kiwandani halimwangukii mchezaji.

Saa 5:30

Muda umekwisha, mikono juu. Watazamaji wanaanza kusogea kumpigia makofi aliyeshinda, na kwetu sisi kazi nzito kuliko zote ndiyo inaanza.

Muda wa mshindi umeonwa na kila mtu. Lakini nani anajua tofauti ya mtu wa 61 na wa 62? Hiyo imo mikononi mwetu peke yetu. Mmoja amebakiza vipande 43, mwingine 44. Wote wawili wamefanya mazoezi miezi, wote wamekuja kwa gharama zao. Kuhesabu kwa haraka kwa sababu "hawa si washindi" ni kuwadharau, na msimamizi wa namna hiyo simtaki kwenye safu yangu.

Tunahesabu vilivyobaki mezani, si vilivyoungwa, kwani ni vichache na havichanganyi. Navipanga kumikumi, mistari iliyonyooka, mshiriki akiwa pale anaangalia. Vile vilivyoshikana pembeni bila kufika kwenye picha kuu vinahesabiwa kwa kanuni iliyosomwa asubuhi. Nikimaliza, mwenzangu anahesabu upya bila kuambiwa namba yangu. Zikilingana tunaandika na mshiriki anatia saini. Zisipolingana tunarudi mwanzo, hata kama chakula cha mchana kinapoa.

Yule wa asubuhi nilimhesabia mimi. Alibakiza 112. Aliitazama namba ikiandikwa, akaniuliza raundi ijayo ya watu wawiliwawili inaandikishwa wapi.

Saa 7:00 mchana

Tunakula kwa zamu. Watazamaji wana maswali, na kuyajibu ni sehemu ya kazi yetu. Mtoto anataka kujua nani alianzisha. Namweleza kuhusu John Spilsbury, mchongaji wa ramani wa London, ambaye miaka ya 1760 alibandika ramani juu ya ubao na kuikata kwa kufuata mipaka ya nchi ili watoto wajifunze jiografia. Wakubwa huulizia mashindano ya dunia. Hayo yalianza Valladolid, Hispania, mwaka 2019, yakakatizwa na korona, yakarudi 2022 mjini humohumo, na mwaka huo Alejandro Clemente León wa Hispania akachukua ubingwa wa mtu mmojammoja.

Saa 8:00 hadi saa 12:00 jioni

Raundi za wawiliwawili, kisha timu za watu wanne. Ukumbi unabadilika kabisa, sasa kuna kelele. Watu wanaitana kwa rangi: "nyekundu kwangu!", "nani ana paa?" Timu nzuri hugawana picha kabla ya kufungua mfuko, na mikono yao haigongani. Kwa msimamizi ni rahisi kidogo, meza ni chache na kila meza ina macho manane ya kugundua kosa kabla yangu.

Saa 12:30 jioni

Matokeo yanabandikwa, na tunatoa muda wa malalamiko kabla ya kuyathibitisha. Karatasi zenye saini ya mshiriki na hesabu mbili ndizo hutuokoa hapa. Leo mshiriki mmoja alidai tulimhesabia vibaya. Tukaitoa karatasi yake, akaiona saini yake, akaona namba za wahesabuji wawili zinalingana. Akashukuru, akaondoka.

Saa 2:00 usiku

Meza zinakunjwa. Kabla ya hapo tunapita na tochi, kila mmoja safu yake, tukiokota vipande vilivyobaki sakafuni. Vinaandikwa namba ya meza na kuwekwa kwenye bahasha, kwa maana wengi wameondoka na mafumbo yao na kesho kuna mtu atapiga simu kuuliza.

Ukitaka kuanza kujitolea, usikimbilie kushika saa. Omba upangwe kwenye meza ya kuhesabu vilivyobaki, chini ya mtu mzoefu, na uje na viatu laini. Raundi ya kwanza ya kesho ni saa 3:00, sisi tunaingia saa 1:00.