Ufunguo kwenye pindo la kanga

Simu ya kwanza mama alinipigia Agosti 2012. Nilikuwa Handeni, mwaka wangu wa pili kazini, nafundisha shule ya msingi. "Mdogo wako anaumwa," akasema, "malaria imempanda kichwani." Sikushtuka. Kwetu Muheza malaria imewapanda wengi kichwani, wakaweweseka siku mbili tatu, wakapona wakarudi shambani. Nikatuma pesa ya dawa, nikaendelea na kazi. Septemba nikauliza, nikaambiwa anaendelea vizuri. Oktoba nikaomba niongee naye, nikaambiwa amelala. Ikawa kila nikipiga, amelala.

Shule zilipofungwa nikarudi nyumbani, mwanzoni mwa Desemba. Nilimkuta kwenye chumba cha uani, dirisha limebandikwa magazeti juu mpaka chini. Alibandika mwenyewe. Majirani, alisema, wanamsema usiku kucha kupitia ukutani; wanamtaja jina, wanacheka, wanapanga la kumfanya. Nyumba ya upande ule wa ukuta ni gofu. Haijakaliwa na mtu tangu mimi niko darasa la tano.

Alikuwa na miaka 17, kidato cha tatu. Mtoto aliyekuwa akipiga pasi shati la shule, akilitazama, halafu analipiga tena. Sasa shati alilovaa lilikuwa limegeuka rangi shingoni, na kucha zake zilikuwa ndefu hadi nikaona aibu kuzitazama.

Lakini asidhani mtu kwamba alitupwa. Watu wakisikia habari ya kijana aliyefichwa ndani, hufikiri wazazi wake hawana huruma. Mama alikuwa akilala kwenye mkeka, mlangoni pa chumba kile, miezi yote hiyo. Shehe alishaletwa mara tatu kumsomea. Siku niliyofika nilimkuta mama akimnywesha kombe, zile aya zinazoandikwa kwa zafarani kwenye sahani nyeupe kisha zikaoshwa kwa marashi. Alimshikia kikombe kwa mikono miwili, na kila tone lililomdondokea kidevuni alilifuta kwa kidole na kumrudishia mdomoni. Akishakunywa, hutulia kidogo. Mimi siwezi kulisema vibaya kombe lile. Na shehe mwenyewe, mara ya tatu, alimwambia mama wazi: "Kusoma nitaendelea kusoma, lakini mtoto huyu mpelekeni na hospitali."

Hospitali haikuwa mbali. Muheza mpaka Tanga mjini hazifiki kilomita 50, lami tupu, mabasi kutwa. Kilichokuwa katikati yetu na hospitali ni harusi.

Binti wa baba mkubwa alikuwa ameposwa na watu wa Pangani, watu wenye jina lao. Mahari yameshaliwa, siku imeshapangwa, Jumamosi ya katikati ya Desemba. Baba mkubwa ndiye aliyesimama mahali pa baba yetu alipofariki. Ndiye aliyenilipia ada mpaka nikamaliza chuo cha ualimu. Nilipokwenda kumwamkia alinikalisha sebuleni, akafunga mlango.

"Mwanangu, mimi hospitali sikatai," akasema. "Lakini Tanga ni ndogo. Akionekana kwenye foleni ile leo, kesho Pangani wanajua. Watauliza damu. Na wewe mwenyewe hujaolewa. Subirini harusi ipite."

Sisi watu wa mkoa wa Tanga hatusemi fulani anaumwa akili. Tunasema, "Huyu ni wa Lutindi." Ile hospitali iko kule milimani Korogwe tangu enzi za Mjerumani, imewapokea wagonjwa wasiohesabika, nasi jina lake tumelifanya tusi, kama nchi nzima ilivyolifanya Mirembe ya Dodoma. Baba mkubwa alilitaja mara moja tu siku ile, kwa sauti ya chini, akatazama mlango.

Nikakubali. Nilikuwa na miaka 24, nina mshahara wangu, nauli ya watu watatu ninayo mkobani. Nikasema, "Sawa, baba."

Kijana wa miaka 17 haendi hospitali mwenyewe akasema nasikia sauti. Hupelekwa. Anayempeleka ana ada ya mdogo zake kichwani, ana binti wa kuoza, ana majirani wa kuwajibu. Yote hayo huingia kwenye foleni mbele ya mgonjwa. Nimeishi ndani ya foleni hiyo na najua haisogei kwa sababu watu ni wabaya.

Mdogo wangu sasa amevuka miaka 30. Anatengeneza mafriji mjini Tanga, ana binti anayesoma chekechea. Ruhusa ya kuandika haya amenipa yeye, kwa sharti moja: habari ya ngoma nisiiache.

Usiku wa kuamkia harusi tulimhamishia kwa bibi, nyuma ya minazi, hatua kama mia kutoka kwa baba mkubwa. Bibi mwenyewe yuko kwenye shughuli, nyumba tupu. Tuliagizwa mtu asimwambie kuna harusi, maana yule binti walilelewa pamoja, wamekula sahani moja. Akijua atataka kutoka. Tukafunga mlango kwa kufuli. Ufunguo nikapewa mimi. "Wewe anakusikia," mama aliniambia. Nikaufunga kwenye pindo la kanga, fundo mbili, kama tunavyofunga pesa tukienda sokoni.

Kutwa nzima nilikuwa na ufunguo ule. Nikiinama kuchambua mchele, fundo linanigonga goti. Nikikaa kupaka hina, liko mapajani. Mgeni mmoja wa Pangani, mama mtu mzima, mpole sana, aliniuliza, "Na yule kaka yenu mdogo, mbona simwoni?" Nikamjibu yuko Handeni, ananilindia nyumba. Akamwombea dua. Nikaitikia amina, mkono uko kwenye fundo.

Saa mbili usiku nilimpelekea pilau. Spika za taarabu zilikuwa zimewashwa tangu magharibi, na kwa bibi sauti ilifika yote, kinanda, mwimbaji, vigelegele, mpaka bati lilikuwa likitetema. Sikufungua mlango mara moja. Alisikia nyayo zangu, akasema kutoka ndani:

"Dada?"

"Ni mimi."

"Dada, kuna ngoma huko nje?"

Nilisimama na sahani mkononi. Nilikumbuka agizo. Niliona akitoka mbio katikati ya wageni na shati lile. Nikasema, "Hakuna kitu. Lala."

"Nasikia ngoma. Na wanawake wanapiga vigelegele."

"Hakuna, mdogo wangu. Ni kichwa tu. Kitatulia."

Alinyamaza muda mrefu. Wimbo ukaisha, ukaanza mwingine. Kisha nikamsikia akisema taratibu, kama mtu anayejijibu mwenyewe, "Kumbe imezidi."

Nikafungua, nikamwekea pilau, nikafunga. Alikuwa ameketi chini, amebana masikio kwa viganja, hakuniangalia. Nikarudi harusini. Nilicheza. Kuna picha yangu ya usiku ule, nimevaa sare ya kijani, nacheka.

Jumanne tukaenda Tanga, yeye, mama na mimi. Baba mkubwa alitoa nauli mwenyewe, akanitia mkononi bila kusema neno, harusi imepita. Mama alimvalisha kofia na kumkalisha dirishani upande wa kiti cha nyuma. Njia nzima alikuwa ameshika shuka alilomfunika, kama vile upepo ungelipeperusha watu wakaona.

Daktari alikuwa mwanamke wa makamo, miwani imeshuka puani. Alianza na mama. Tatizo lilianza lini? Mama akasema, "Kama wiki mbili hivi." Nilimtazama. Hakunitazama. Kwenye ukoo yupo mwingine aliyewahi kuumwa hivi? "Hakuna," mama akasema upesi. Mwaka mzima baadaye ndipo bibi aliponisimulia habari za kaka yake, aliyepelekwa Lutindi kijana, ambaye jina lake halikutajwa tena nyumbani hata kwenye hitima. Mama alizijua habari hizo tangu utoto wake.

Maswali yale hayakuwa ya kujaza fomu. Maradhi kama ya mdogo wangu mara nyingi huwaanza watu ujanani, hutembea katika koo, na kadiri yanavyokaa bila dawa ndivyo kupona kunavyozidi kuwa kugumu. Daktari alikuwa akitafuta miezi na damu. Sisi tulikuwa tumemfikisha mgonjwa, lakini habari zake tulizifungia nyumbani.

Akamgeukia mdogo wangu. "Kijana, unajisikiaje?"

"Chakula hali vizuri," nikajibu mimi. "Usiku halali, na anasikia sauti."

"Unazisikia saa ngapi?"

"Zaidi usiku," nikasema.

Daktari akaweka kalamu mezani. Hakukasirika. "Dada," akaniambia, "nimemuuliza yeye."

Chumba kikawa kimya. Nje mtoto alikuwa akilia, muuguzi anaita namba. Mdogo wangu alivua kofia, akaishika magotini. Akaanza kusema, polepole, maneno mengi kuliko niliyomsikia akisema tangu nimerudi. Kwamba ilianza mwezi wa nane, kabla ya likizo fupi. Mama akainamisha kichwa. Kwamba ni majirani, wanaume wawili na mwanamke mmoja. Kwamba magazeti ya dirishani yanapunguza kidogo. Kwamba hataki kufa, ila anataka wanyamaze. Daktari alikuwa akiandika.

"Na Jumamosi imezidi," akasema. "Nimesikia ngoma. Usiku kucha. Kinanda, watu wanaimba, vigelegele. Zamani ilikuwa maneno tu. Nikamuuliza dada, akaniambia hakuna ngoma, ni kichwa. Ndiyo nikajua sasa siponi."

Kalamu ya daktari ilikuwa ikienda. Niliona mistari inajaa. Nikaona neno "ngoma" likiandikwa, na mbele yake maneno mengine nisiyoyasoma.

Mama alinikanyaga mguu chini ya meza. Sikujua alimaanisha niseme au ninyamaze, na sijamuuliza mpaka leo. Mama huyu ndiye baadaye aliyehesabu vidonge kila usiku, haloperidoli na vile vingine vya kuzuia mwili usikakamae, akimfungulisha kinywa aone vimeshuka. Na baba mkubwa, yule yule, ndiye aliyetoa nauli ya kliniki kila mwezi kwa miaka miwili. Lakini siku ile nilikuwa na sekunde chache tu na kalamu ilikuwa inaandika.

"Daktari," nikasema, "ngoma ilikuwepo."

Akainua uso.

"Jumamosi tulikuwa na harusi. Yeye tulimfungia. Taarabu ilipigwa mpaka alfajiri. Alichosikia ni kweli. Mimi ndiye niliyemwambia hakuna."

Daktari alinitazama kwa kitambo, kisha akapiga mstari juu ya maneno yale, mmoja, ulionyooka. Mdogo wangu alikuwa amenigeukia. Macho yake, ambayo kwa siku kumi na tano hayakutua usoni pangu, yalikuwa yametua.

"Harusi ya nani?"

Nikamtajia.

"Ameolewa?"

"Ameolewa."

Akalipokea hilo taratibu. Midomo ilitetemeka, nikadhani atalia. Hakulia. Akasogeza kiti chake kidogo kwangu.

"Kwa hiyo ngoma ilikuwepo."

"Ilikuwepo."

"Sasa na majirani, dada? Na wao wapo?"

Nilitamani sana kumpa jibu la kumtuliza. Nikamshika mkono, kucha zake ndefu kwenye kiganja changu.

"Hao mimi siwasikii," nikamwambia.

Alinitazama, akitafuta. Kisha akamgeukia daktari, akavuta kiti mbele.