Pampu ya baiskeli haiguni: nilivyoishi na kidude cha kupima pombe kwenye gari

Gari ni moja tunaendesha wawili. Mume wangu ndo alikamatwa kalewa, hakimu akaamuru tufungiwe kile kidude ambacho usipopuliza gari haliwaki, sasa chenyewe hakiulizi mlevi nani, kila anayeshika usukani anapuliza, hata mimi ambaye pombe siijui ladha yake.

Kazi ni kupuliza kwenyewe. Chetu kinataka upulize huku unaguna, mmmmmm, pumzi moja ndefu, ukikatisha unaanza upya. Nimepuliza mpaka mate yakajaa kwenye mrija na gari limenuna tu. Dawa yake nikaipata mwenyewe: anza kuguna kwa sauti nzito KABLA hujapuliza, kama mtu anayeitikia hadithi isiyoisha, halafu ndo usukume pumzi.

Na ushauri wa watu wa kukidanganya jamani! Tafuna vitunguu, kunywa kahawa, lamba sarafu. Kile hakinusi harufu, pombe iliyo kwenye pumzi inaungua pale kwenye kihisi chake cha madini ya platinamu inatoa umeme, umeme ndo unapimwa, kitunguu kinaingiaje hapo? Shemeji yangu akaja na pampu ya baiskeli, anajiona mjanja kweli. Kaipampu, kaipampu, jasho linamtoka, kidude kimya. Nikamwambia shemeji, pampu haiguni, na kamera ya kidude hiyo inakutazama.

Kitu ambacho fundi hakutuambia ni dawa ya kusukutua mdomo. Nyingi zina pombe. Nimesukutua asubuhi, napuliza, naambiwa nimelewa! Suuza na maji, subiri kama robo saa, rudia. Rekodi ilibaki ila picha ikaonyesha ni mimi, sio yeye.

Eti kinazima gari barabarani, uongo. Kinakudai upulize tena ukiwa safarini, unapaki pembeni unapuliza, ukikipuuza honi na taa zinakuumbua.

Hela imetutoka, kufunga, hela ya kukikodi kila mwezi, na kukipeleka kusawazishwa kipime sawasawa, ila wakili alikula zaidi. Wanaosema kinaonea familia hawajawahi kukesha wakisikilizia gari kama limefika. New Mexico kule Marekani tangu 2005 anafungiwa kidude hiki kila anayehukumiwa kwa kuendesha kalewa, hata kosa la kwanza, na mimi naona ndo sawa.

Halafu weka mirija ya ziada kwenye droo ya dashibodi, wetu wa kwanza mtoto aliufanya filimbi.