Mstari wa Grafu Sio Barabara ya Gairo

Kila mwaka kidato cha pili wakifika kwenye grafu za umbali na muda, kuna jibu ninalolisubiri. Nachora ubaoni mstari unaopanda, unalala, kisha unapanda tena, nauliza basi linafanya nini. "Madam, linapanda mlima, halafu linafika tambarare." Wanaojibu hivyo si wazembe. Wameshapita njia ya Morogoro, wanavijua vilima vya kule Gairo, na mchoro umefanana navyo.

Nawarudisha kwenye mihimili. Kabla ya kuutazama mstari, soma kilichoandikwa chini na kilichoandikwa pembeni. Chini ni muda, pembeni ni umbali kutoka stendi. Habari za mlima hazimo kabisa.

Kisha tunasafiri. Basi linatoka stendi ya Nanenane hapa Dodoma saa 12:00 asubuhi, saa 1:30 liko Kibaigwa. Tufanye ni kilomita 90. Gawa 90 kwa saa moja na nusu, unapata kilomita 60 kwa saa, na huo ndio mwinuko wa mstari. Mstari ukiinuka zaidi, basi lilikwenda kasi zaidi.

Pale Kibaigwa abiria wanashuka kuchimba dawa, wengine wananunua mahindi ya kuchoma, dereva anakunywa chai. Nusu saa inapita. Hapa huwa siharakishi hata kama kengele inakaribia. Nawaambia wote washike penseli. Je, muda umesimama? Hapana, kwa hiyo penseli iende kulia. Kilomita zimeongezeka? Hapana, kwa hiyo isipande. Wanavuta polepole kutoka saa 1:30 hadi saa 2:00, kwenye 90 ileile, na mstari uliolala unatoka mikononi mwao wenyewe. Ukizunguka madawati wakati huo unaona nyuso zikibadilika. Kwangu hiyo ndiyo dakika tamu kuliko zote katika mada hii.

Basi linaondoka, saa 2:40 liko Gairo, kilomita 130. Kipande hiki nacho ni kilomita 60 kwa saa. Wastani wa safari nzima? Darasa linaitikia kwa sauti moja: 60! Lakini 130 gawa kwa saa 2 na dakika 40 ni 48.75. Ile chai ya Kibaigwa imo ndani ya hesabu.

Kuna jambo vitabu vingi vinalipita haraka. Mstari wetu umenyooka kwa sababu tulipima mwanzo na mwisho tu. Njiani dereva alipunguza mwendo kwenye vibao vya 50 vijijini, akaongeza alipotoka. Ungeandika kilomita kila dakika tano, ungepata mstari wenye mawimbi, na karibu na kituo ungejikunja taratibu kabla ya kulala, maana basi halisimami ghafla kama kona ya rula.

Akitokea wa kuchora mstari wima kabisa, namwuliza basi lilikuwa wapi saa hiyo. Atajikuta anasema Kibaigwa, na Gairo pia, kwa wakati mmoja. Anaufuta mwenyewe.

Wakishaelewa hayo nawapa treni. Katika karne ya 19 ratiba ya treni za Paris na Lyon ilichorwa kwa mistari ya namna hii, mbinu inayotajwa kuwa ya mhandisi Mfaransa Ibry. Sisi tunachukua Reli ya Kati ya zamani, ile waliyoijenga Wajerumani hadi ikafika Kigoma mwaka 1914. Umbali tunauhesabu kutoka Dodoma: treni inayokwenda Morogoro mstari wake unapanda, inayotoka Morogoro kuja huku unashuka. Mahali mistari inapokatana ndipo treni zinapokutana: shuka chini usome saa, nenda pembeni usome kilomita. Na kwa kuwa reli hiyo ni ya njia moja, kilomita hiyo lazima iwe ya stesheni yenye njia ya kupishania. Isipokuwa hivyo, ratiba irudishwe ikachorwe upya kabla treni hazijaondoka.