Mdomo wangu na mimi

Wanaoniona nasubiri chai ipoe kabisa wanadhani naringa, yani hawajui tu. Nina ugonjwa unaitwa laikeni planasi ya mdomo, ndani ya mashavu mistari myeupe kama lesi, fizi nyekundu, limau ikigusa tu machozi yanatoka yenyewe 😭. Na haiambukizi jamani, ni kinga ya mwili inaushambulia mwili wenyewe. Haiishi, inatulia halafu inarudi, hasa nikiwa na stresi. Dawa ya meno yenye povu jingi nimeacha, natumia mswaki laini, na jeli ya steroidi (dawa ya kutuliza uvimbe) nakausha kwanza pale panapouma ndo napaka, nusu saa sili wala sinywi (mtihani!). Daktari lazima anicheki mara kwa mara, maana mara chache inaweza kugeuka kansa, hiyo siruki hata kama hainiumi.